UZI: New York mpaka Pittsburgh kwa treni. Mambo ya kupanga kabla hujakata tiketi

Behewa la Tatu (mtoa uzi)

Wakuu salaam.

Kila ikikaribia miezi ya mahafali meseji zinaanza kumiminika, na swali ni lilelile. Mtoto anamaliza chuo Pittsburgh, mzazi kaja kutoka nyumbani kashukia kwa ndugu New York au New Jersey, sasa wafikeje huko? Wengi watakwambia panda ndege. Wengine basi, kwa sababu ya bei. Mimi nasema treni, ila kwa sharti moja: safari uipange kuanzia kwenye ratiba ya treni, hoteli na matembezi yafuate baadaye. Ukianza na hoteli utaumia. Mambo ya viza yana nyuzi zake, tafadhali tusiyalete huku.

Treni yenyewe inaitwa Pennsylvanian, ni ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani. Namba 43 ndiyo ya kwenda Pittsburgh, namba 42 ya kurudi. Nazungumzia treni moja kwa siku kila upande. Kwa ratiba niliyoizoea, 43 inatoka New York muda mfupi kabla ya saa tano asubuhi na kuingia Pittsburgh kwenye saa mbili usiku. 42 inatoka Pittsburgh saa moja na nusu asubuhi, New York ni jioni kwenye saa kumi na moja. Masaa tisa na ushee, kilomita kama 715. Saa hizo nimeziandika kwa Kiswahili. Kwenye tiketi utakuta 7:30A, na mzee aliyetoka juzi Korogwe anaweza akasoma hapo saa saba na nusu mchana akaendelea na chai yake. Mwandikie kwenye karatasi.

Ukiikosa 43, imekula kwako mpaka kesho. Serikali ya jimbo la Pennsylvania ilishakubaliana na Norfolk Southern, kampuni ya mizigo inayomiliki reli kati ya Harrisburg na Pittsburgh, kuongeza treni ya pili. Kwa hiyo kabla ya kukata angalia ratiba ya siku hiyo, usitegemee bandiko langu. Kuna na nyingine, Floridian, iliyoanza Novemba 2024, inatoka Chicago kupitia Pittsburgh na Washington mpaka Miami. Hiyo inagusa Pittsburgh usiku wa manane au alfajiri, na mtu wa New York haimsaidii kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawaliulizi: mwanga. Kinachokufanya ukae kwenye kiti masaa tisa ni milima ya Allegheny, na milima hiyo iko upande wa magharibi, kati ya Altoona na Johnstown. Treni ya kwenda inafika Altoona kwenye saa kumi na moja jioni. Juni hapo jua bado kali, unafika Pittsburgh kwenyewe hata giza halijaingia. Oktoba bado unaona, na ndio wakati majani ya miti yamegeuka rangi, mekundu na ya manjano mlima mzima. Lakini Desemba, saa kumi na moja hiyo ni giza. Umelipa nauli, umekaa kutwa nzima, mlima unapita wewe unaangalia sura yako kwenye kioo. Kwa hiyo ukisafiri baridi, mlima utauona wakati wa kurudi, maana 42 inapita pale kwenye saa nne asubuhi, mchana mweupe majira yote. Kama una nauli ya treni ya upande mmoja tu na huko kwingine unaruka na ndege, basi kiangazi chagua yoyote, baridi chagua ya kurudi.

Kuhusu upande wa kukaa. Kona kubwa maarufu, Horseshoe Curve, ipo dakika chache baada ya Altoona. Ukienda magharibi kaa kushoto, ukirudi kaa kulia. Ila usikimbilie kushoto pale New York! Philadelphia treni inageuza mwelekeo. Wanafungua kichwa cha umeme, wanafunga cha dizeli upande wa pili, mnasimama muda wa kutosha, halafu mnatoka mlikoingilia. Aliyekuwa kushoto sasa yuko kulia. Ngoja mtoke Philadelphia, watu wengi wanashuka pale, ndipo uhame kiti. Daraja la kawaida tiketi yako inakuhakikishia kiti lakini haikutajii kipi, ukikuta kitupu unakaa. Kondakta akishakagua huwa anachomeka kikaratasi juu ya kiti kuonyesha unakoshukia, ukihama hama nacho, au mwambie.

Tiketi. Nauli haina bei moja, inapanda kadiri siku inavyokaribia na viti vinavyojaa, sawasawa na ndege. Wiki kadhaa kabla ni nafuu, siku mbili kabla utalia. Mtoto wa miaka 2 mpaka 12 akiwa na mtu mzima analipa nusu, mwenye miaka 65 kwenda juu ana punguzo la asilimia 10. Soma masharti ya kurudishiwa pesa, maana tiketi ya bei ya chini sio lazima irudishwe yote. Wageni beba pasipoti yenyewe, sio kivuli.

Mizigo ndiyo sababu wazazi wetu wanaipenda treni hata kabla hawajaipanda. Mabegi makubwa mawili ya kilo 23 kila moja, na vibegi viwili vidogo, bila kulipia hata senti. Hakuna mtu anayekuvua viatu wala kukumwagia chupa ya maji. Chakula chako mwenyewe unaruhusiwa kula kwenye kiti, kwa hiyo pilau lifungwe vizuri. Behewa la mgahawa lipo, lakini ni sandwichi, kahawa na vitu vya kupasha. Beba sweta au shuka la Kimasai, kiyoyozi cha mle ndani hakina adabu.

Kwenye stesheni ya New York utaingilia Moynihan Train Hall, jengo la zamani la posta lililofunguliwa kama ukumbi wa treni Januari 2021. Juu ni paa la vioo. Namba ya njia inatangazwa kwenye ubao dakika chache tu kabla ya kuondoka, na ikishatokea umati wote unakwenda kwa pamoja. Ukiwa na mzee, tafuta mapema wale wabebaji wa kofia nyekundu, huduma yao haina bei ila ustaarabu ni kuwapa chochote. Wanakushusha mpaka kwenye njia ya treni kabla ya wengine. Wakazi wa New Jersey msihangaike kuvuka mto, treni hii inasimama Newark na Trenton.

Njia yenyewe nitaiandika kwenye bandiko linalofuata, mikono imechoka.

---

Kinyozi wa Ubungo

Nimekaa paleee. Leta nondo mkuu.

---

Mzee wa Reli ya Kati

Masaa tisa kwa kilomita 715? Hapa kwetu Dar mpaka Dodoma SGR ni chini ya masaa manne, na ni ya umeme mwanzo mwisho. Hao wakubwa wamekwama wapi?

---

Behewa la Tatu

Mzee shikamoo. Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza ratiba yote. Kutoka New York mpaka Philadelphia na kuendelea mpaka Harrisburg reli ni ya Amtrak na hapo inakimbia kweli, kuna vipande inavuka kilomita 170 kwa saa. Baada ya Harrisburg unaingia kwenye reli ya kampuni ya mizigo, juu kuna kona za karne ya 19 ambazo hata ukiwa na kichwa cha aina gani huwezi kuzikimbiza. Sheria inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele, ila treni ya mizigo yenye urefu wa kilomita mbili au tatu ikishakuwa mbele yako, sheria inabaki kwenye makaratasi. Ndio maana nasema usipange shughuli yoyote usiku wa kufika. Mahafali ni kesho saa tatu asubuhi? Ondoka juzi yake.

Haya, njia.

Saa moja na ushee ya mwanzo ni viwanda, migongo ya nyumba na maghala. Lala. Baada ya Philadelphia ndio mashamba yanaanza, na ukikaribia Lancaster utaona wale Amish, wakulima wanaoishi bila magari. Nguo zimeanikwa kwenye kamba ndefu, zote nyeusi, bluu na zambarau, na kijigari cheusi cha farasi kikisubiri treni ipite. Ni sekunde tu. Usiinue simu, angalia kwa macho.

Mkitoka Harrisburg mnavuka mto Susquehanna kwenye daraja la Rockville. Lilifunguliwa 1902, lina matao 48 na urefu wa zaidi ya kilomita moja, na linatajwa kuwa daraja refu kuliko yote duniani la matao ya mawe kwa reli. Tatizo ukiwa juu yake hulioni, unaona maji tu na visiwa vyenye miti. Baada ya hapo mto Juniata unakufuata saa nzima na zaidi, mara upande huu mara ule.

Kisha Altoona, mji uliojengwa na reli kwa ajili ya reli. Hapa ndipo milima ilipowazuia wakubwa wa Pennsylvania Railroad. Kupanda moja kwa moja haiwezekani, kuzunguka ni mbali. Wakachukua bonde, reli ikaingia ukingo mmoja, ikapinda mwishoni mwa bonde, ikatoka na ukingo wa pili ikiwa juu zaidi. Hiyo ndiyo Horseshoe Curve. Vibarua wengi wao Waairishi waliichonga kwa sururu na baruti, ikafunguliwa Februari 1854. Ukiwa behewa la nyuma unakiona kichwa cha treni yako mwenyewe ng'ambo ya bonde kinakwenda upande wa kinyume na wewe. Chini kuna bwawa la maji la mji, limetulia. Treni inapunguza mwendo, magurudumu yanalia kwenye kona, na kama kuna ya mizigo inashuka mtapishana hapohapo, vichwa vya ziada vinausukuma au kuuzuia mzigo kwa nyuma. Reli hii ilikuwa muhimu kiasi kwamba 1942 wale wahujumu wa Kijerumani walioshushwa na nyambizi kwenye pwani ya Marekani walikuwa nayo kwenye orodha ya vitu vya kulipua. Walikamatwa kabla hawajagusa kitu.

Johnstown inafuata. Mei 31, 1889 bwawa lililokuwa juu ya mji lilipasuka, watu 2,209 wakafa. Bwawa lilikuwa mali ya klabu ya matajiri wa Pittsburgh waliokuwa wakilitumia kwa uvuvi na starehe, Andrew Carnegie akiwa mwanachama. Hakuna aliyelipishwa mahakamani. Ukipita pale angalia jinsi bonde lilivyo jembamba, utaelewa maji yalifanya nini.

---

Msee wa Rongai

Boss hii nimeipenda. Lakini nikuulize kitu: mtu akifika Pittsburgh saa mbili usiku na mabegi manne, stesheni iko kichakani ama mjini? Kuna miji huku Amtrak inakuacha kwa giza kando ya barabara kuu.

---

Behewa la Tatu

Iko katikati ya mji, ndugu yangu. Utashukia chini ya Union Station, jengo la Daniel Burnham, mchoraji yuleyule aliyechora mipango ya Chicago. Mbele lina kuba kubwa la matofali lililokuwa la kugeuzia magari ya farasi. Usitegemee ukumbi ule wa fahari lakini, jengo limegeuzwa nyumba za kupanga, abiria mmeachiwa chumba cha kawaida pembeni na viti vyake. Hakuna mgahawa wa maana.

Kutoka hapo hoteli nyingi za katikati ya mji ni mwendo wa dakika kumi hadi kumi na tano kwa mguu. Usiku na wazee, chukua Uber tu. Stesheni ya treni ndogo ya mjini, wanaiita T, iko karibu, Steel Plaza. Na hii weka kichwani: T ni bure kabisa ndani ya eneo la katikati ya mji, na ni bure mpaka ng'ambo ya mto Allegheny, North Side, inapita kwenye handaki chini ya maji. Nje ya eneo hilo na kwenye mabasi ni dola 2.75.

---

Mama wa Watatu

Asante kwa uzi kaka. Naomba uniambie tulale wapi. Binti anamaliza University of Pittsburgh, tuko wanne na bibi yake ambaye magoti hayapandi ngazi.

---

Behewa la Tatu

Dada, hongera ya mtoto. Chaguo ni mawili. Oakland ndiko chuo kiliko, na Carnegie Mellon iko jirani, kwa hiyo siku ya mahafali bibi hahitaji gari. Ubaya wake wazazi wote wa vyuo viwili wanataka vyumba hivyohivyo wiki hizohizo mwishoni mwa Aprili na Mei, vinaisha miezi kabla. Katikati ya mji kuna vyumba zaidi na stesheni iko hapo, kisha mabasi ya Oakland ni mengi mno. Mimi na bibi wa magoti ningelala Oakland kama kimepatikana, la sivyo katikati ya mji na Uber siku ya tukio.

Pittsburgh ni mji wa vilima, ngazi ziko kila mahali mpaka kuna mitaa kwenye ramani ambayo ukifika unakuta ni ngazi tu. Ukikodi nyumba ya mtu kwenye mtandao, uliza waziwazi ngazi ni ngapi toka barabarani mpaka mlangoni. Picha haitakuonyesha.

---

Kinyozi wa Ubungo

Naongezea hapo. Mimi nilikata chumba bila kuangalia ratiba ya mpira. Kumbe Steelers, timu yao ya mpira wa Kimarekani, walikuwa nyumbani Jumapili. Hoteli moja hivi, jina kapuni, chumba kilichokuwa bei ya kawaida Jumatano kilipanda karibu mara tatu Ijumaa, na godoro lilikuwa lilelile. Kuanzia Septemba mpaka Januari angalieni mechi kwanza.

---

Bint Chumbageni

Mimi nipo Pittsburgh, North Side, miaka sasa. Mtoa uzi umesema ya reli vizuri, ya mji niachie mimi kidogo.

Kwanza mlima. Ng'ambo ya mto Monongahela kuna Mount Washington, na vibehewa vinavyovutwa kwa kebo kupanda ukingo wake. Viko vya njia mbili, Monongahela Incline ya 1870 na Duquesne Incline ya 1877. Kimoja kikipanda kingine kinashuka, vinasawazishana uzito. Mimi naipenda Duquesne, vibehewa vyake vyekundu, ndani ni mbao za zamani zimenakshiwa, benchi za kuzunguka ukuta, na kelele yake ni kama mashine ya cherehani ya bibi. Ndani bibi wa magoti ni kukaa tu, ila ulizeni kwanza habari za ngazi za kituoni. Mpelekeni saa moja kabla ya jua kuzama, mkae juu mpaka taa ziwake. Hapo ndipo mtaona mito mitatu: Allegheny na Monongahela zinakutana, zinazaa Ohio, na mji umebanwa kwenye ile pembe. Madaraja ya njano yamepangana. Watu wa huku wanapenda kukwambia mji una madaraja 446.

Pili, na hili ni la moyoni. Siku moja nimesimama kituo cha basi nikasikia mama anamgombeza mtoto wake nyuma yangu. Nikageuka. Mimi mtu wa Tanga, najua Kizigua nikikisikia! Mavazi ya Kisomali, sura ya nyumbani, lugha ya Handeni. Nikamsalimia, akanishika mkono hakuuachia mpaka basi likaja. Ni Wabantu wa Somalia. Babu zao walichukuliwa kutoka bara la Tanga karne ya 19, wengine wakati wa njaa, wakauzwa na kusafirishwa mpaka Somalia, bonde la mto Juba, na baadhi yao hawakuiacha lugha. Vita vya 1991 viliwasukuma kambi za Kenya, na kuanzia 2003 na 2004 Marekani ikawachukua maelfu. Kundi zuri lipo hapa Pittsburgh. Watu wanakuja kutafuta madaraja, mimi nikakuta Wazigua.

---

Mzee wa Reli ya Kati

Binti, hiyo ya mwisho imenikalisha chini. Wengine walipewa uraia wa Tanzania kulekule Handeni, Chogo. Nilifanya kazi maeneo hayo.

---

Bint Chumbageni

Shikamoo mzee. Ndio, na ndugu zao wa huku wanazo habari za Chogo, wanapigiana simu.

---

Ndugu wa Uvira

Bonjour bandugu. Miye niko Lancaster, treni hiyo inapita kwetu kila siku. Tuko Wakongomani wengi huku, kanisa la Kiswahili liko. Ulizo yangu: nikipanda Lancaster kwenda Pittsburgh, kiti nitapata upande wa muzuri ao watu wa New York watakuwa wameisha kukamata yote?

---

Behewa la Tatu

Karibu sana ndugu. Lancaster treni imeshageuza mwelekeo, kwa hiyo hesabu yako ni rahisi, kushoto ni kushoto. Harrisburg wanashuka wengi. Kaa popote, na Harrisburg uhame. Nyie wa Lancaster mmebarikiwa, ni masaa sita tu na mnapata sehemu yote nzuri bila ile migongo ya maghala.

---

Msee wa Rongai

Nipinge kidogo. Njia tamu zaidi ya kuingia Pittsburgh ni kwa gari kutoka uwanja wa ndege. Unaingia Fort Pitt Tunnel, giza, halafu ghafla unatokea juu ya daraja na mji wote uko mbele yako na mito. Treni inakuingiza kwa mlango wa nyuma.

---

Behewa la Tatu

Sipingi. Ule mlango wa handaki hauna mshindani. Ndio maana mwenye pesa namwambia njoo kwa treni, ondoka kwa ndege, au kinyume chake. Lakini uwanja wa ndege hauna Horseshoe Curve.

---

Mama wa Watatu

Na siku moja ya ziada baada ya mahafali, watoto wana miaka 9 na 12, tufanye nini? Nisije nikamaliza siku nzima kwenye maduka.

---

Bint Chumbageni

Mama, hamtoki hata Oakland. Makumbusho ya Carnegie, tiketi moja inakuingiza upande wa sanaa na upande wa viumbe. Watoto wataona mifupa halisi ya dinosaria, Diplodocus, aliyechimbwa Wyoming 1899. Carnegie alijivunia sana huyo mnyama mpaka akatengeneza nakala za plasta akawagawia wafalme wa Ulaya. Moja ilikwenda Berlin 1908, kwenye makumbusho hayohayo ambako baadaye alisimamishwa yule dinosaria mkubwa wetu wa Tendaguru, Lindi. Waambieni watoto hivyo.

Kisha vukeni barabara mwingie Cathedral of Learning, jengo la chuo la ghorofa 42, chini liko kama kanisa la kale. Kuna madarasa 31 ya mataifa, kila moja limejengwa kwa mtindo wa kwao. La Afrika limefuata ua wa hekalu la Waasante wa Ghana. Ni madarasa kweli, siku za masomo utakuta mwalimu anafundisha ndani, kwa hiyo ulizeni kwanza pale mapokezi.

Chakula: Strip District Jumamosi asubuhi, mtaa wa Penn, samaki, matunda, jibini, watu kibao. Wataalamu watakutuma mgahawa wa Primanti ukale mkate uliojazwa nyama, kabichi na chipsi ndani kwa ndani. Onjeni mmoja mgawane, hauna maajabu. Wenye kuangalia halali ulizeni nyama kabla. Mkitaka wali na mchuzi wa kuchangamsha ulimi, nendeni kusini ya mji, Carrick na Brentwood, kuna Wanepali wa Bhutan wengi, na momo zao, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama au mboga, zinaliwa kwa chachandu kali.

---

Kinyozi wa Ubungo

Wakuu na mimi nataka kumpeleka mzee Oktoba. Alhamisi kwenda, Jumapili kurudi. Inatosha?

---

Behewa la Tatu

Inatosha, ila ihesabu vizuri. Alhamisi imekwenda yote, unafika kula na kulala. Jumapili nayo imekwenda yote, saa moja na nusu asubuhi uko njiani. Umebaki na Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa weka Oakland na jioni mlimani. Jumamosi asubuhi Strip, mchana tembeeni mpaka Point ambako mito inakutana, kisha kama mzee anapenda historia kuna kituo cha August Wilson, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyezaliwa 1945 Hill District hapohapo, kiko mtaa wa Liberty, na wakati mwingine kuna maonyesho. Angalia mechi kama ulivyoshauri mwenyewe. Treni ya Jumapili hujaa wanafunzi, hiyo ndiyo ya kukata kwanza hata kabla ya ile ya kwenda.

---

Kinyozi wa Ubungo

Asubuhi hiyo ya Jumapili mzee wangu hatoki bila chai. Hoteli inafungua chai saa ngapi?

---

Bint Chumbageni

Nyingi Jumapili wanaanza saa moja kamili, na wewe saa hiyo uwe unavuta mabegi. Jumamosi jioni nunua mkate na mayai ya kuchemsha dukani, chumbani kuna mashine ya kahawa, chemshia maji humo umwekee kwenye chupa. Majani ya chai beba ya kwenu, ya huku mzee atayakataa.